Centenario ni nini? Sarafu ya dhahabu ya uhuru wa Meksiko

Ukisikia watu wa dhahabu wanataja Centenario, wanaongelea ile sarafu ya peso 50 ya Meksiko iliyotoka 1921 kuadhimisha miaka 100 ya uhuru kutoka kwa Hispania. Neno ni la Kihispania, maana yake maadhimisho ya miaka mia, na wala hulikuti limeandikwa kwenye sarafu yenyewe, ni jina tu watu walilizoea likabaki.

Wengi wanajichanganya kwenye tarehe. Vita vya uhuru vilianza Septemba 1810 pale padri Miguel Hidalgo alipowaita watu wa Dolores wainuke, ila uhuru wenyewe ulikuja kukamilika Septemba 1821, kwa hiyo Meksiko ina "miaka mia" mbili. Ya 1910 iliacha ile nguzo ndefu ya Malaika wa Uhuru pale Paseo de la Reforma, Mexico City, na ya 1921 ndo ikaacha sarafu.

Ishike mkononi uitazame vizuri. Upande mmoja kuna mwanamke mwenye mabawa, ndo Ushindi huyo, mkono mmoja kanyanyua shada na mwingine kashika mnyororo uliokatika, nyuma yake volkano mbili, Popocatépetl na Iztaccíhuatl, chini mwaka 1821 na mwaka wa sarafu. Upande wa pili tai kasimama juu ya mpungate anapambana na nyoka. Alafu izungushe uone ukingo, kuna maneno INDEPENDENCIA Y LIBERTAD, kujitawala na uhuru. Mimi ule mnyororo uliokatika ndo unanigusa kuliko vyote, maana hata asiyejua kusoma anaelewa hapo kinasemwa nini.

Sasa tuje kwenye thamani, hapa ndo penye utamu. Sarafu nzima ina gramu 41.67, asilimia 90 dhahabu na iliyobaki shaba, ukipiga hesabu unapata gramu 37.5 za dhahabu safi, na hiyo namba imeandikwa palepale usoni. Kwa nini 37.5 na sio 40? Kwa sababu sheria ya fedha ya 1905 ilisema peso moja ni sawa na gramu 0.75 za dhahabu safi, zidisha mara 50 inatoka hiyohiyo. Yaani siku hizo "peso 50" ilikuwa ni uzito kabisa, sio maneno matupu.

Baadae peso ya karatasi ikashuka ikashuka, hadi 1993 serikali ikafuta sifuri tatu, peso 1,000 za zamani zikawa peso 1 mpya, kwa hiyo ile 50 ya kwenye sarafu kwa hesabu ya leo ni sentavo 5 (sentavo 100 ndo peso 1). Dhahabu yake lakini haijapungua hata punje! Ndo maana Centenario inauzwa kwa bei ya dhahabu ya siku hiyo na hiyo peso 50 hakuna anayeiangalia, na hata wenyewe walipotengeneza za 1943 waliitoa kabisa, wakaandika 37.5 kushoto na kulia kwa yule mwanamke mwenye mabawa.

Kitu kingine, mwaka ulioandikwa usikudanganye. Zilipigwa kuanzia 1921 hadi 1931, kisha zikarudi miaka ya 1940, na kuanzia 1949 hadi 1972 kiwanda cha serikali, Casa de Moneda, ambacho kipo tangu 1535, kiliendelea kuzipiga huku mwaka ukibaki 1947. Kwa hiyo ya 1947 inaweza kuwa imetoka kiwandani miaka ya 1960, na kwa kuwa zipo nyingi sana, mtu akikupandishia bei eti ni adimu, mwambie hiyo inalipiwa dhahabu yake tu na faida kidogo ya muuzaji. Za 1921 ndo wakusanyaji wanaziongezea hela.

Na kabla hujalipa pima: upana milimita 37, uzito gramu 41.67. Ikiwa na upana huo na unene wa kawaida alafu mizani ikasoma gramu 30 na kitu, hiyo sio Centenario.