Farasi mwenye jasho apewe maji

Imani ni kongwe, na watu huishika kwa nia njema: farasi akitoka mazoezini asinyweshwe wala kumwagiwa maji baridi, kwani atasokotwa na tumbo na misuli itamkaza. Si kweli. Kabla ya Olimpiki ya Atlanta ya 1996, watafiti walilipima jambo hili kwenye joto na unyevu. Maji baridi yalimpoza farasi bila kumdhuru. Kwetu Unguja, kaskazi ikivuma, jasho halikauki upesi na mwili hubaki na joto. Kumnyima maji ndiko kunakomuumiza, na inasikitisha. Anyweshwe papo hapo, maana jasho lake humtoa chumvi nyingi mwilini, na chumvi ikipungua, ukichelewa kiu nayo humpungua. Mmwagie mfululizo shingoni, mabegani na mapajani mpaka pumzi itulie.