Makauboi na mizimu: haikuanza na Dracula

Wapenzi wengi wa filamu za zamani huamini kwamba kuchanganya kauboi na vitisho kulianza mwaka 1966, zilipotoka filamu mbili za mwongozaji William Beaudine: moja ikimkutanisha Billy the Kid na Dracula, yule mnyonya damu wa hadithi, nyingine Jesse James na binti wa Frankenstein, mwanasayansi wa hadithi aliyeunda jitu la kutisha. Billy na Jesse walikuwa majambazi wa kweli wa Magharibi ya Marekani. Majina hayo ni ya ajabu kiasi kwamba hayasahauliki, na huenda ndiyo sababu dhana hiyo imedumu.

Ukweli ni kwamba mchanganyiko huo ulikuwapo miaka zaidi ya 30 kabla. Mwaka 1932 John Wayne, akiwa bado kijana, aliigiza katika "Haunted Gold", kisa cha mgodi uliotelekezwa na kivuli kinachonyemelea watu. Filamu hiyo ilitumia tena picha za filamu bubu ya 1928 ya Ken Maynard, mwigizaji wa filamu za kauboi, maana bajeti ilikuwa ndogo. Katika filamu za aina hiyo, "mzimu" mara nyingi huwa binadamu tu, tena mwenye tamaa ya dhahabu.

Mwaka 1935 mambo yalizidi. Katika "The Phantom Empire", yenye sehemu 12, Gene Autry, kauboi mwimbaji, anaingia ufalme wa chini ya ardhi wenye roboti, lakini kila siku lazima awahi kurudi juu kuimba redioni! Upuuzi mtamu.

Hata mnyonya damu alitangulia filamu za 1966: studio ya Universal ilimfanya mpiga bastola wa kukodiwa katika "Curse of the Undead", 1959.