Orodha ya majedwali kwenye SQL: yanayoaminika na yaliyo kweli

Vijana wengi wa Dar es Salaam wanaoingia kwenye kazi ya mifumo wamepitia mlango mmoja: XAMPP (kifurushi cha seva ya majaribio) kwenye kompyuta mpakato, phpMyAdmin ya kusimamia hifadhidata kwenye kivinjari, na majedwali yote yamejipanga upande wa kushoto. Ukizoea hivyo huna sababu ya kujiuliza orodha ile inatoka wapi. Siku unapokabidhiwa seva ya ofisi fulani Posta, au mfumo wa stoo wa duka la Kariakoo, na mbele yako kuna skrini nyeusi tu, ndipo mazoea yanapoanza kukusumbua.

Dhana: "SHOW TABLES ndiyo amri ya SQL ya kuorodhesha majedwali."

Ni amri ya MySQL na MariaDB, programu mbili tu kati ya nyingi za hifadhidata. Haimo katika kiwango rasmi cha SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata. Iandike kwenye PostgreSQL, programu nyingine ya aina hiyo, uone: utajibiwa kwamba hakuna kigezo cha usanidi kinachoitwa "tables", kwa sababu kule SHOW hutumika kusoma mipangilio ya seva. Umeuliza majedwali, yenyewe imedhani unauliza mipangilio.

Kiwango rasmi, tangu toleo la 1992, kina INFORMATION_SCHEMA, yaani orodha za maelezo ya hifadhidata yenyewe, na swali lake ni hili:

SELECT table_schema, table_name
FROM information_schema.tables
WHERE table_type = 'BASE TABLE';

Linafanya kazi kwenye MySQL, MariaDB, PostgreSQL na SQL Server. PostgreSQL itakuchanganyia na majedwali yake ya ndani, kwa hiyo kule ongeza AND table_schema NOT IN ('pg_catalog', 'information_schema').

Sharti la 'BASE TABLE' usilidharau. Ukiliacha, utaletewa pia kila VIEW, yaani maswali yaliyohifadhiwa na kupewa majina, ambayo hayana data yake yenyewe. SHOW TABLES nayo huyachanganya hivyo hivyo bila kukuambia. SHOW FULL TABLES ndiyo inayoongeza safuwima ya aina.

Dhana: "Basi INFORMATION_SCHEMA ipo kila mahali."

Haipo kwenye Oracle wala SQLite. Oracle ina USER_TABLES kwa majedwali unayoyamiliki, ALL_TABLES kwa yale unayoruhusiwa kuyafikia, na DBA_TABLES kwa yote, ambayo mtumiaji wa kawaida hafunguliwi. SQLite, iliyomo ndani ya simu yako sasa hivi, ina sqlite_master:

SELECT name FROM sqlite_master WHERE type = 'table';

Tangu toleo 3.33.0 la mwaka 2020 unaweza kuiita pia sqlite_schema.

Na \dt, na .tables? Hizo si SQL kabisa. Ni njia za mkato za psql na sqlite3, programu za kuandikia amri za PostgreSQL na SQLite. Seva ya PostgreSQL haijawahi kuipokea \dt hata siku moja. Ukiibandika ndani ya msimbo wa PHP au Python utaambulia kosa. Fungua psql kwa kuongeza -E, kisha andika \dt: utaonyeshwa SQL halisi inayotumwa kwa siri. Kwa maoni yangu hilo ni somo bora kuliko video nyingi za mafunzo.

Dhana: "Orodha ikija tupu, hakuna majedwali."

Hii ndiyo inayotia watu jasho. Ujumbe huingia usiku: "Kaka, majedwali yote yamepotea!" Mara nyingi hayajaenda popote.

Mwaka 1970 Edgar Codd wa IBM alichapisha makala iliyoanzisha mfumo wa hifadhidata za kimahusiano, na mwaka 1985 akatoa kanuni zake maarufu. Kanuni ya nne inadai kwamba maelezo ya hifadhidata yenyewe yahifadhiwe kama data nyingine, yaulizwe kwa lugha ile ile, na wale wenye ruhusa. Kwa hiyo orodha ya majedwali nayo ni jedwali, na jibu lake linategemea ni nani anayeuliza na amesimama wapi.

Anza na mahali. Kwenye MySQL, skima (kundi la majedwali lenye jina lake) na hifadhidata ni kitu kimoja, na muunganisho mmoja unaweza kuziona zote ulizoruhusiwa. PostgreSQL ni kama flati za Upanga: ukiingia moja, huoni sebule ya jirani. Ukijiunga na hifadhidata ya postgres badala ya ile ya mauzo, orodha itakuja tupu na seva haijakudanganya. Hata ndani ya hifadhidata sahihi, \dt huonyesha tu skima zilizomo kwenye search_path, mpangilio unaotaja skima za kutafutwa. Andika \dt *.* uone zote.

Kisha ruhusa. INFORMATION_SCHEMA ya PostgreSQL huonyesha majedwali unayomiliki au uliyopewa haki fulani juu yake tu. Hapo hutokea kioja: mtumiaji yule yule analiona jedwali kwenye \dt, halafu halioni kwenye information_schema.tables, kwa kuwa \dt husoma pg_class, orodha ya ndani ya PostgreSQL, ambayo haichuji kwa haki za jedwali.

Mwisho herufi. Oracle huhifadhi majina kwa herufi kubwa, kwa hiyo WHERE owner = 'mauzo' haileti kitu, lakini 'MAUZO' inaleta. PostgreSQL ni kinyume: jina lisilofungwa kwa alama za nukuu hugeuzwa herufi ndogo.

Dhana: "Tukificha majina ya majedwali, tuko salama."

Kwenye PostgreSQL, kila anayeweza kuunganishwa huweza kusoma majina kwenye pg_class. Na anayepenya kupitia fomu ya tovuti iliyoandikwa ovyo, kazi yake ya kwanza mara nyingi ni kuiuliza INFORMATION_SCHEMA yenyewe. Kuliita jedwali la watumiaji xz_17 kutamsumbua mwenzako atakayerithi mfumo kuliko kumsumbua mwizi. Tumia maswali yenye vigezo (anachoandika mtumiaji hupelekwa kando, hakichanganywi na SQL yenyewe), na akaunti ya programu isipewe haki zaidi ya inazohitaji.

Dhana: "Safuwima ya TABLE_ROWS kwenye information_schema.tables ya MySQL inaonyesha idadi kamili ya mistari."

Kwa majedwali ya InnoDB, injini ya kawaida ya MySQL ya kuhifadhi data, ni makadirio, na mwongozo wa MySQL wenyewe unasema yanaweza kupishana na ukweli kwa asilimia 40 hadi 50. Isitoshe, MySQL 8.0 huyahifadhi makadirio hayo kwa saa 24 usipobadilisha mpangilio, hivyo unaweza kuwa unasoma ya jana. Kama bosi anataka idadi ya mauzo kabla ya kufunga hesabu za mwezi, tumia SELECT COUNT(*), hata kama itakuchelewesha kidogo.