Mji mdogo, salamu nyingi: kweli hakuna mpweke?

Wengi tumekua tukiamini kwamba upweke ni ugonjwa wa Dar es Salaam na Nairobi, kwenye magorofa ambako jirani humjui hata jina. Mji mdogo kama Pangani, ambako kila mtu ni shangazi au mjomba wa mtu, mpweke atatoka wapi?

Imani hiyo ina msingi wake: kwenye msiba na arusi watu hujaa kweli. Ila inachanganya mambo mawili. Kuwa peke yako huonekana kwa macho. Upweke ni pengo kati ya ukaribu unaoutamani na ule ulio nao, na mtu anaweza kuwa nalo hata barazani, bao likichezwa na kahawa ikizunguka. Tena kujuana sana kuna gharama (hili huwa hatulisemi): neno likitoka asubuhi, jioni limefika sokoni. Basi mtu hujifunza kujibu. "Habari za nyumbani?" "Nzuri tu, mama." Na mumewe ana miezi hajapiga simu.

Watafiti wa upweke hawahesabu majirani. Huuliza ni mara ngapi unahisi huna mtu wa kuwa naye, umeachwa nje, au umetengwa. Jiulize hayo mwenyewe. Kisha muulize mtu unayemwamini, mkiwa wawili tu, pengine mnachambua mchicha. "Nzuri" ya kwanza usiihesabu.