Matone ya Shafti Hayakomeshwi kwa Spana
Miongoni mwa wenye mashua za tanga zenye injini hapa Tanga, imezoeleka kuaminiwa kwamba maji yanayodondoka pale shafti ya rafadha inapotokea nje ya chombo ni dalili ya uzembe, na kwamba nati ya kizibo kinachozuia maji hapo ikazwe mpaka pakauke. Sivyo. Katika kizibo cha kamba zilizoshiba grisi, zinazozungushiwa shafti, maji hayo ndiyo yanayoipoza na kuilainisha shafti. Yakizibiwa njia, kamba huungua na chuma huchimbika. Matone mawili au matatu kwa dakika, shafti ikizunguka, yanatosha. Nati ikazwe kidogo kidogo, robo mzunguko au pungufu, kisha injini iendeshwe, izimwe, na kizibo kiguswe: kikiwa cha moto, kilegezwe. Vizibo vya kisasa visivyotumia kamba, ambavyo havipaswi kudondosha kabisa, ni habari nyingine.