Mfuko wa Hisani: Unapendekeza, Huamuru

Tangu kanuni mpya za kodi ya Marekani kuhusu michango zianze kutumika Januari 2026, ndugu zetu wengi walioko huku Marekani wanatupigia kuuliza habari za mfuko wa hisani wa ushauri (donor-advised fund). Unakabidhi fedha au hisa kwa taasisi ya hisani inayoutunza mfuko, unapata nafuu ya kodi mwaka huohuo, kisha unapendekeza taratibu mashirika ya kupewa.

Unapendekeza, huamuru. Fedha zikishaingia si zako tena, na hapo ndipo tunapovutana na watu. Juzi nimerudisha fomu iliyoandikwa "karo ya mpwa wangu, kidato cha tatu". Karo ni jambo jema, lakini ilipe kwa mshahara wako. Mfuko huu haumlipi mtu binafsi. Taasisi ikimlipa, inatozwa asilimia 20 ya kiasi hicho, na msimamizi aliyeidhinisha huku akijua, asilimia 5. Ukijinunulia meza ya karamu ya harambee kwa fedha za mfuko, unaweza kutozwa asilimia 125 ya manufaa uliyopata. Tafadhali msituambie "lakini ni pesa yangu".

Shirika la nyumbani linaweza kupewa, ila taasisi lazima kwanza ithibitishe kwamba linalingana na shirika la hisani la Marekani, au ifuatilie matumizi yake hadi mwisho. Taasisi nyingi hazitaki kazi hiyo. Uliza kabla ya kufungua akaunti.

Hesabu sasa. Punguzo la kawaida la wanandoa, yaani kiasi wanachoruhusiwa kuondoa kwenye kipato kabla ya kodi bila kuorodhesha makato, kwa 2026 ni dola 32,200. Wenye kipato cha dola 200,000 na makato mengine ya 15,000, wakitoa 10,000 kwa mwaka, hawalifikii, kwa hiyo kuorodhesha makato hakuwafaidi. Wakiweka 30,000 za miaka mitatu kwa mkupuo, asilimia 0.5 ya kipato, yaani 1,000, haihesabiwi. Makato yanakuwa 44,000, zaidi ya punguzo la kawaida. Kuna pia nafuu mpya ya michango ya hadi dola 2,000 kwa wanandoa wanaochukua punguzo la kawaida, lakini haihusu mifuko hii.

Mwenye hisa zilizopanda, alizokaa nazo zaidi ya mwaka, asiziuze kwanza. Azihamishe zenyewe, asitozwe kodi ya faida. Aanze mapema Desemba, kwa sababu kinachohesabika ni siku hisa zinapoingia kwenye akaunti ya taasisi, si siku alipojaza fomu.