Je, nadharia ya uamuzi wa kimantiki inapimika?

Katika nadharia hii wachumi husema kila mtu huchagua lile analoona lina manufaa zaidi kwake. Uliza mbona fulani kagawa mali yake yote, utaambiwa raha yake iko katika kutoa. Na yule bahili? Raha yake ni kuweka. Kauli yenye jibu kwa kila swali haipimiki, yaani hakuna tukio linaloweza kuonyesha kuwa ina kosa, na hapo wakosoaji wa nadharia hii wamesema kweli.

Lakini nadharia haikomei hapo. Mwaka 1938 mchumi Paul Samuelson alipendekeza tuache kukisia yaliyomo moyoni mwa mnunuzi, tutazame anachonunua. Akichukua kapu la kwanza la bidhaa ilhali la pili alilimudu, amedhihirisha analolipenda zaidi. Bei zikibadilika akachukua la pili, huku la kwanza bado analimudu, amejipinga, na ushahidi uko kwenye risiti. Mtetezi atasema ladha yake imebadilika katikati, na pengine ni kweli. Ndiyo maana watafiti hupenda majaribio ya muda mfupi.

Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walichapisha jaribio moja la namna hiyo. Washiriki 95 waliulizwa swali la kufikirika: utachukua fedha 3,000 za uhakika, au nafasi ya asilimia 80 ya kupata 4,000? Asilimia 80 walitaka za uhakika. Kisha wakapewa jozi nyingine: nafasi ya asilimia 25 ya kupata 3,000, au asilimia 20 ya kupata 4,000. Safari hii asilimia 65 walikimbilia 4,000. Tazama vizuri: jozi ya pili ni ile ile ya kwanza, ila nafasi zote zimegawanywa kwa nne. Nadharia ya manufaa tarajiwa, inayosema mtu hupima manufaa ya kila tokeo kwa uwezekano wake, inadai aliyechagua 3,000 mwanzo azichague tena. Wengi hawakufanya hivyo.

Kilichoanguka ni sharti moja mahususi, kwamba kupunguza nafasi zote kwa kiwango kimoja kusibadili chaguo, si dhana nzima kwamba watu hupima faida na hasara. Kwa maoni yangu hiyo ni sifa: sharti lililotamkwa waziwazi ndilo linaloweza kuanguka.

Kuna mtego wa upande wa pili, nao husahaulika mno. Bei ikipanda na mauzo yakashuka, wengi hudhani mantiki ya wanunuzi imethibitishwa. Mchumi Gary Becker alionyesha mwaka 1962 kwamba hata wanunuzi wanaochagua kiholela, kwa wastani, wangenunua pungufu, kwa kuwa fedha zao zina kikomo.